Kuchagua plani ya nyumba ya familia Goma: anzia shimo na tanki, saloni itafuata

Mwombe mtu wa Goma anayejiandaa kujenga akuonyeshe plani yake, na mara nyingi atatoa simu mfukoni. Humo mna picha ya villa nyeupe: paa lenye kona nyingi, saloni iliyoshuka ngazi mbili, gereji chini ya nyumba. Aliyeichora hakujua kwamba parseli yako imekaa juu ya mwamba wa lava, kwamba robine inaweza kumaliza siku nyingi bila tone, wala kwamba katika baadhi ya kartiye zetu shimo la ngazi mbili linaweza kujaa hewa inayoua.

Kwa hiyo hapa tunapanga nyumba kutoka nyuma kwenda mbele. Kwanza machafu yatoke wapi, kisha maji yaingie wapi, halafu nani alale wapi. Saloni inakuja mwisho, na wala haionewi, kwa sababu saloni ndiyo sehemu pekee ya nyumba inayoweza kukaa karibu popote.

Mfano nitakaoutumia ni nyumba ya chini, isiyo na etaji, yenye vyumba vitatu au vinne, kwenye parseli ya mita 15 kwa 25. Kama yako ni ndogo zaidi, na Birere au Mapendo nyingi ni ndogo zaidi, hatua ni zilezile, ila utabanwa mapema.

Hatua ya 1: Karatasi, kisha mita

Hili tulipite haraka, lakini tulipite. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Wewe unapewa haki ya kuitumia, na karatasi inayoilinda haki hiyo ni certificat d'enregistrement, yaani cheti cha usajili. Fishi ya parseli peke yake ni mwanzo tu wa safari. Ruhusa ya kujenga nayo huombwa kwa plani iliyochorwa, kwa hiyo usianze kumlipa mchoraji kabla hujajua jina lililoandikwa kwenye karatasi za ardhi ni la nani.

Baada ya hapo chukua mita, nenda na mtu wa kukushikia upande wa pili, upime pande zote nne. Pima pia kutoka kona hadi kona, mara mbili, kama mtu anayechora herufi X. Pande zinazotazamana zikilingana na vipimo hivi viwili vikalingana pia, parseli yako ina kona za mraba kweli. Visipolingana, imepinda, na nyingi zimepinda. Nyumba ya mita 12 haitaingia mahali penye mita 13 mbele na 11 nyuma, hata fundi akuapie.

Hatua ya 2: Soma ardhi kabla ya kusoma plani

Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya lava ya zamani na ya jana. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya mji na kuingia ziwani, na leo kuna nyumba nzuri tu zimesimama juu ya lava hiyo. Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama upande wa Buhene kabla ya kufika uwanja wa ndege. Kwa anayechagua plani, jambo la kwanza la kujua ni lava ya parseli yake iko namna gani: ni mwamba mmoja mgumu, ni mawe yaliyovunjika, au kuna udongo mweusi juu yake? Chimba kwa nondo mahali pane au patano. Nondo ikigonga mwamba kwenye sentimita 20, umeshapata jibu la maswali mengi yatakayofuata.

Msingi wa nyumba huupenda mwamba huo. Shimo la choo haliupendi hata kidogo.

Tazama pia kama kuna ufa. Baada ya mlipuko wa 2021 matetemeko yaliendelea kwa siku nyingi, na nyufa zilionekana ardhini zikikata barabara na viwanja. Ufa uliozibwa kwa changarawe bado ni ufa. Waulize majirani waliokuwepo wakati ule, na uusogeze ukuta wa nyumba mbali nao. Kama unapita katikati ya parseli, nyumba ndiyo itakayohama, maana ufa hauhami.

Sasa mazuku. Upande wa magharibi wa mji, hasa Himbi, Keshero na Lac Vert kuelekea Bulengo, kuna mahali ambapo gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Kuku au panya waliokufa asubuhi ndani ya bonde dogo bila kidonda ni dalili ambayo wenyeji wanaijua vizuri. Ukisikia habari hizo kuhusu parseli yako au ya jirani, waone watu wa Observatoire Volcanologique, ofisi inayochunguza volkano, wapime kabla hujachora chochote. Usishuke shimoni kujaribu kwa mshumaa.

Hata parseli yako ikiwa salama, upande huo wa mji plani yenye sehemu iliyozama ikatae moja kwa moja. Usiweke saloni ya kushuka ngazi, wala gereji ya chini, wala stoo ya ardhini. Sakafu ya nyumba nzima iwe juu ya ardhi inayoizunguka, na uangalie watoto wanaolala kwenye godoro chini watakuwa chumba gani. Mimi ningesema sentimita 50 juu ya ardhi, na kama fedha inaruhusu, zaidi. Urefu huo utakusaidia pia kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Shimo la choo ndilo linalopanga nyumba

Hapa ndipo plani za kwenye simu zinapoanguka. Goma haina mfereji mkuu wa kupokea maji machafu ya nyumba zetu. Kila parseli inabeba yake. Na kuchimba lava ni kazi ya nyundo na patasi, siku baada ya siku, kwa hiyo shimo halikai unapotaka wewe, linakaa mwamba unapokubali. Ndiyo maana vyoo vingi vya mjini vimejengwa juu, na unapanda ngazi kuvifikia.

Tafuta kwanza mahali pa shimo. Masharti yake ni haya: mwamba uwe umevunjika au udongo uwe mwingi kidogo, pawe upande wa chini wa mteremko, pawe mbali na tanki la maji la ardhini, lako na la jirani, pawe na nafasi ya mita mbili tatu kutoka msingi, na gari la kunyonya liweze kulifikia kwa mpira wake bila kuupitisha saloni. Sharti hili la mwisho husahaulika kila siku. Shimo lililofichwa nyuma ya nyumba, huku pembeni kumebaki njia ya sentimita 60 tu, siku ya kulinyonya litawapa watu wote wa nyumba adabu.

Halafu fanya hesabu moja ndogo. Bomba la machafu linahitaji kushuka kama sentimita 2 kwa kila mita. Choo kikiwa mita 10 kutoka shimoni, bomba litashuka sentimita 20. Kikiwa mita 20, sentimita 40, na hapo lazima ama uchimbe mwamba zaidi ama uinue nyumba nzima. Kwa hiyo choo, dushi na jiko la ndani vikae upande mmoja wa nyumba, ule wa shimo, na vikiweza vitumie ukuta mmoja. Plani inayoweka choo cha wazazi kona ya kaskazini na cha wageni kona ya kusini inakuuzia mabomba, mwamba na magomvi na fundi.

Chumba cha wazazi chenye choo chake ndani kinapendwa sana, na sikikatai. Kiweke tu mgongoni mwa choo cha watoto, ukuta katikati, bomba moja kwa wote.

Maji machafu hupenya haraka kwenye lava iliyopasuka na kushuka chini kabisa, kisha kuelekea ziwani ambako mji unavuta maji yake. Shimo lililo wazi chini linaonekana rahisi kwa sababu halijai haraka. Halijai kwa sababu linavuja. Jenga fosi septiki ya vyumba viwili iliyofungwa vizuri kwa sementi, iliyofuatwa na shimo la kunyweza maji, na uitengee nafasi yake kwenye mchoro tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Paa linalokusanya maji

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10, ni lita 1,000 kabla ya kutoa zilizomwagika. Familia ya watu 7 inayotumia lita 20 kila mtu kwa siku inamaliza lita 140, yaani bidoni saba. Tanki la lita 5,000 likijaa litawafikisha kama siku 35. Kwa mji ambao kiangazi cha Juni hadi Agosti kinaleta foleni ya bidoni kila kona, hesabu hii ina thamani kuliko rangi ya vigae.

Ndiyo sababu ninapendelea paa la pande mbili. Linahitaji gutieri (mifereji ya maji ya paa) mbili tu, ndefu na zilizonyooka, na zote zinaweza kushuka kwenye kona moja. Paa la pande nne linataka gutieri mzunguko mzima. Lile paa la kona saba la kwenye simu lina mabonde katikati ya tole (bati), na kila bonde ni mahali patakapovuja, labda si mwaka wa kwanza. Kumbuka pia kwamba volkano ikitoa moshi mwingi mvua hubeba tindikali, na tole huliwa na kutu mapema. Watu wa Rusayo na Sake wanalijua hilo kuliko sisi. Paa rahisi ni rahisi pia kubadilishia tole tatu zilizooza.

Tanki likae kwenye kona ambayo gutieri zinakutana, karibu na upande wa jiko, lakini upande wa juu wa mteremko kuliko shimo. Lita 5,000 ni tani 5, kwa hiyo kiti chake kijengwe kwa mawe kama msingi wa nyumba na kisionekane kwenye plani kama duara lililoongezwa kwa kalamu. Weka bomba la kumwaga maji ya kwanza ya kila mvua, yale yanayoosha vumbi na majivu. Ya paa ni ya kufulia, kuoshea na choo. Ya kunywa yatafutiwe njia nyingine au yasafishwe vizuri, hasa nyakati za majivu.

Hatua ya 5: Hesabu watu, kisha wageni

Andika majina ya wote watakaolala ndani ya nyumba leo. Halafu andika wale watakaokuja. Goma hakuna nyumba isiyopokea: mdogo wa baba anayetoka Masisi kutafuta matibabu, watoto wa dada kutoka Rutshuru waliokuja kusoma, bibi aliyekuja kwa wiki mbili na sasa ni mwaka wa pili. Plani ya vyumba vitatu vya kulala, kimoja cha wazazi, kimoja cha wasichana na kimoja cha wavulana, inaonekana imetosha mpaka siku mgeni wa kwanza anapolala saloni na kukaa.

Suluhisho ninaloliamini ni aneksi ndogo ya vyumba viwili kwenye kona ya parseli, hata ikijengwa kwa mbao mwanzoni. Wavulana wakubwa watahamia huko, au mgeni, au mpangaji miezi ya shida. Lakini iwekwe kwenye plani sasa, upande uleule wa shimo, ili choo chake kisiombe shimo la pili.

Ndani ya nyumba kuu, jaribu hili: simama kwa kidole kwenye mlango wa mbele wa mchoro. Unaona nini? Mgeni akiketi saloni asione mlango wa dushi wala kitanda cha mtu. Mama akitoka kuoga asipite mbele ya wakwe. Choo cha wageni kifikiwe bila kupita vyumba vya kulala. Plani nyingi za kigeni zinafungua jiko, meza ya chakula na saloni kuwa ukumbi mmoja. Kwa wanaopika kwa makala (mkaa), wenye wageni wa kila siku, huo ni moshi na aibu kwa pamoja.

Na usiijaze parseli yote. Siku ya harusi, siku ya kilio, watu hukaa nje. Mita 8 kwa 8 za uwanja ulio wazi mbele ya nyumba ni chumba ambacho hakikugharimu hata bloki moja.

Hatua ya 6: Jiko mbili

Hata mwenye umeme hupika maharage kwa makala. Mbabula, lile jiko la makala, ikiwashwa ndani, milango imefungwa kwa ajili ya baridi ya usiku, inaua watu kimyakimya bila kuhitaji volkano. Kwa hiyo jiko la ndani liwe la umeme au gesi na la kuandalia chakula, na nyuma yake, mlango mmoja tu katikati, kuwe na baraza lenye paa na kuta fupi la kupikia kwa makala. Tanki likiwa jirani, vyombo vitaoshewa hapo. Kama fedha haitoshi kwa yote mawili, jenga la baraza na uliache la ndani lisubiri. Mwulize anayepika kila siku, si anayelipa, dirisha la jiko litazame wapi. Huenda akajibu: “Papa, nataka kuona geti na watoto.” Hiyo ni plani tayari.

Hatua ya 7: Umbo, tetemeko na hesabu ya kuta

Nyumba yenye umbo la sanduku inavumilia kutikiswa kuliko yenye mikono na mikia. Nyumba ya herufi L hutikisika kila mkono kwa namna yake na kupasuka kwenye kona ya ndani. Nyumba ndefu na nyembamba nayo haifai. Urefu usizidi mara tatu ya upana. Madirisha yasikae ukingoni mwa kona. Acha ukuta mzima wa angalau mita moja. Juu ya kuta zote upite mkanda wa zege na vyuma uliofunga nyumba mzunguko mzima bila kukatika, mafundi wanauita shenaji. Pembetatu za ukuta chini ya paa la pande mbili zifunge kwa mbao badala ya bloki, maana bloki za juu ndizo zinazoanguka kwanza, na zinaanguka juu ya vitanda.

Anayejenga kwa mbao juu ya msingi wa mawe, kama familia nyingi za Majengo na Ndosho, ana nyumba nyepesi inayocheza na tetemeko bila kuvunjika. Hofu yake ni moto. Milango miwili ya kutokea ni lazima, na kila chumba cha kulala kiwe na angalau dirisha moja ambalo chuma chake cha kuzuia wezi kinafunguka kwa ndani. Hili ni kwa nyumba ya bloki pia.

Umbo la sanduku lina faida nyingine mfukoni. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina mita za mraba 120 na mzunguko wa mita 44. Umbo la L lenye mita zilezile 120, tuseme mita 14 kwa 12 iliyokatwa kona, lina mzunguko wa mita 52. Mita 8 za ziada, ukuta wa mita 2.8 kwenda juu, ni kama bloki 280, bado msingi na plasta. Ukipewa plani mbili, usilinganishe mita za mraba peke yake. Jumlisha urefu wa kuta zote, za nje na za ndani, zidisha kwa 2.8, toa milango na madirisha, zidisha kwa bloki 12 na nusu za kila mita ya mraba. Nyumba yetu ya 10 kwa 12 yenye mita 40 za kuta za ndani itakula bloki 2,500 na kidogo. Kila fundi atakayekupa bei atajua kwamba umehesabu.

Tafuta pia korido. Ya mita 1.2 kwa 8 ni karibu mita za mraba 10, chumba kizima cha mtoto kimelala hapo. Korido ya mita 3 inayogawa vyumba vitatu inatosha.

Kama unaota etaji siku za mbele, amua leo. Ngazi iliyojikunja inataka kama mita 2.1 kwa 3.2, na nguzo na msingi wake vinataka vyuma tangu siku ya kwanza. Usipokuwa na hakika, usilipe nguzo za nyumba ambayo huenda isijengwe, weka tole.

Hatua ya 8: Ichore chini kwa kamba

Plani ikishakaribia, ilaze juu ya parseli kwa ukubwa wake. Kamba, vigingi, na pale kigingi kisipoingia kwenye lava, mawe. Acha nafasi za milango. Kisha ingiza vitu: mkeka wa mita 1.6 kwa 2 mahali pa kitanda, viti vya plastiki mahali pa makochi. Chumba cha mita 3 kwa 3 kwenye karatasi kitaonekana kimetosha. Ukiweka kitanda, kabati la sentimita 60 na mlango unaofunguka kwa ndani, utajua ukweli. Mwite bibi atembee kutoka chumbani mwake hadi chooni. Mwenye kubeba bidoni apite kutoka geti hadi tanki. Rudi saa kumi jioni uone jua la magharibi linapiga chumba gani, na asubuhi uone kama vyumba vya kulala vinapata jua la kukausha matandiko, kwa sababu hapa kwetu baridi na unyevu wa usiku vinasumbua kuliko joto.

Kuhamisha kamba ni bure. Hamisha.

Hatua ya 9: Unachompa mchoraji, unachodai kutoka kwake

Mpelekee vipimo vya pande nne na vya kona, mahali pa shimo na kina ambacho nondo ilifika, kona ya tanki, orodha ya wanaolala, na picha ya kamba chini. Umwambie waziwazi: saloni ndiyo itakayosogea mambo yakigongana.

Kwake dai karatasi hizi: plani ya parseli nzima inayoonyesha shimo, tanki, aneksi na geti, plani ya ndani yenye vipimo vya kila ukuta, unene wake ukiwemo, mkato (mchoro wa nyumba kama imekatwa kutoka juu hadi chini) unaoonyesha urefu wa sakafu juu ya ardhi na mteremko wa bomba la machafu, plani ya msingi na vyuma, plani ya paa na gutieri. Akikuletea picha ya rangi ya nyumba iliyoonekana kutoka mbele, yenye gari na mti wa mnazi, ipokee kwa shukrani, halafu umwulize mkato uko wapi. Malipo ya mwisho yasubiri mpaka mkato ufike, na fundi atakayejenga awe ameusoma mbele yako na kukuonyesha kwa kidole bomba linaanzia wapi na linaishia wapi.